Nimeijaribu mara nne bia nyekundu ya Kilkenny na sijui kama naipenda (povu ruksa)

KataTupu (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nipo Ireland tangu mwezi wa kumi, mji mdogo unaitwa Kilkenny, treni ya kama saa moja na nusu kutoka Dublin. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kabla sijaja, kichwani mwangu nchi hii ilikuwa na kinywaji kimoja tu, ile nyeusi yenye kinubi kwenye lebo, Guinness. Kumbe mji nilioangukia una bia yake, nyekundu, ya tangu 1710. Imeizidi ile nyeusi miaka 49.

Jina linaandikwa Smithwick's. Jaribu kulisoma kwa sauti hapo ulipo. Nami nililisoma hivyohivyo mbele ya kaunta, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la pili ubaoni. Mhudumu akanisubiri nimalize, akasema taratibu, "Smitiks." Ile W haisomwi, na hiyo th ni t tu. Nikaanza na aibu kabla sijaanza na bia.

Aliyenituma ni mzee mmoja pale kazini, ana miaka 88, alifanya kazi kwenye kiwanda chenyewe tangu ujana mpaka akastaafu. Sasa hivi dawa zake hazimruhusu hata tone. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza kama nimeshaionja. Nikasema isiwe kesi.

Mara ya kwanza nimetoka zamu ya saa kumi na mbili, sijala, koo limekauka. Picha niliyokuwa nayo ni ya nyumbani: chupa inatoka kwenye friji imevaa jasho, unaiweka shavuni kwanza kabla ya kufungua. Jamaa akavuta mkono wa bomba, glasi ikajaa kitu chenye mawimbi ya kahawia, kikatulia polepole, juu povu la rangi ya maziwa yaliyoshika moto. Nikaiinua dirishani. Kwa macho, niseme ukweli, ni nzuri. Nyekundu ya chai ya mkandaa, unaona vidole vyako upande wa pili. Nikapiga funda kubwa.

Nikajua nimeuziwa bia ya moto. Siyo moto wa kuachwa juani, ila ule ubaridi wa kukamata meno haukuwepo. Gesi kiduchu. Utamu ukatangulia, kikafuata kitu kama kimeungua, halafu mdomo ukakauka kama vile hukunywa. Nikamwuliza mhudumu kama hana ya baridi. Akasema ndiyo hiyo. Nikaacha theluthi nzima ya glasi na euro 5 na senti 40 zangu zimekwenda.

Mara ya pili nikajifanya mjanja. Nikanunua kopo, nikalitupa kwenye friza saa moja na nusu. Hapo ndipo ikawa mbaya kabisa. Utamu wote ukapotea, ukabaki uchungu mtupu na maji. Yaani ni kama umemnyamazisha mtu unayetaka kumsikiliza.

Nikampelekea mzee malalamiko yangu. Alicheka mpaka nikaogopa kifua chake. Akaniambia, ukiwa na kiu kunywa maji kwanza, halafu ndiyo uende baa.

Mara ya tatu nikamtii. Nilikuwa off, mvua inanyesha ile ya huku isiyokuwa na haraka, nikala kwanza: nyama ya kondoo iliyochemshwa na viazi na karoti mpaka mchuzi umekuwa mzito. Painti, yaani glasi yao kubwa ya bia, ikaja. Safari hii nikanywa kidogokidogo, na kwenye funda la tatu au la nne nikakijua kile kitu kilichoungua. Wakuu, ni ukoko. Ukoko wa ugali, ule wa chini ya sufuria, unaoloweka maji kidogo halafu unaubandua na kijiko watoto wenzio hawajafika. Pembeni yake kuna sukari guru kwa mbali. Niliikalia ile painti karibu saa nzima na niliimaliza.

Ya nne ni kopo alilonipa binamu alipokuja kunitembelea kutoka Ujerumani, limeandikwa Kilkenny, jina la mji huu huu. Ndani kuna kidude cha plastiki kinagongagonga. Ukifungua inapiga shhh ndefu, povu linakuwa zito kama mtindi. Kwangu mimi hapana. Nilikuwa nautafuta ukoko wangu chini ya blanketi.

Sasa swali langu. Ile ya tatu niliipenda, au nilikuwa nimeshaizoea? Mtu anajuaje?

Kaunta ya Nyuma

Mkuu umepigwa mchana kweupe. Bia isiyo baridi ni dawa ya kikohozi. Huku kwetu mhudumu akikuletea ya moto bila kuuliza unamrudisha nayo.

Hilo swali la mwisho ni la chuo kikuu, ngoja wasomi waje.

Mwana wa Kibosho

Kaunta, taratibu. Hilo la bia ya moto na ya baridi limeletwa na friji, wala si sheria ya dunia.

KataTupu, jina lako linanipa wasiwasi kwamba wewe ni wa kwetu na unajisahaulisha. Mbege uliwahi kuinywa na barafu? Ndizi zimepikwa zikaiva mpaka zikawa nyekundu, zikachachuka, ukaja uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Inakuja kwenye kata, nzito, ina joto la siku hiyo, juu ulezi unaelea. Mgeni akipewa mara ya kwanza anatafuna kwanza halafu ndiyo anameza, na uso wake unasema yote. Mjomba wangu alioa Tanga, shemeji zake walipokuja kwenye sherehe walishika zile kata kama wameshikishwa mtoto wa mtu anayelia. Siku ya tatu walikuwa wanauliza ya jana imebaki.

Sasa hao waliipenda au waliizoea? Mimi nasema hukuwa na tatizo la ladha. Ulikuwa na tatizo la kuagiza soda ukaletewa uji.

Sijawahi Kulewa

Hii chai. Kiwanda cha 1710 mpaka leo kipo na mzee wako kastaafu hapo? Na binamu Ujerumani juu? Ongeza sukari.

KataTupu

@Sijawahi Kulewa kiwanda hakipo tena mkuu. Kilifungwa mwisho wa 2013, bia ikahamishiwa Dublin, inapikwa kwenye eneo lile lile la ile nyeusi. Wenye ile nyeusi walishaichukua tangu miaka ya 1960. Hapa mjini wamebakiza jengo la wageni, unalipa kiingilio unatembezwa. Nyuma yake kuna magofu ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko ya karne ya 13, na kiwanda kilijengwa kwenye eneo lao hao watawa, ambao wenyeji wanasema walikuwa wapika pombe wazuri. Mzee wangu yeye alistaafu mapema zaidi. Lile suala la kufungwa halizungumzi sana. Akilitaja anageukia dirishani, na mimi naendelea na soksi.

@Mwana wa Kibosho umenishika. Bibi yangu alikuwa anapika. Nilikuwa nalamba kata zikishatupu, ndiyo jina lenyewe.

Dada wa Mtungi

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kupika bia, kiwanda sikitaji. Nijibu kitaalamu kidogo kwa sababu naona mnapigana wakati kila mtu yuko sahihi nusu.

Bia nyingi tulizozoea Afrika Mashariki ni laga. Hamira yake inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi, halafu bia inalazwa wiki kadhaa mpaka inakuwa safi, kavu, haina makelele. Bia kama hiyo imeumbwa inywewe baridi. Hiyo ya KataTupu iko kwenye ukoo mwingine unaitwa eli. Hamira yake inapenda joto zaidi, nyuzi 15 hadi 24, inapanda juu ya pipa, na inamaliza kazi kwa siku chache. Inaacha vitu vingi zaidi vya kunusa.

Wekundu nao si rangi ya kumwagia. Shayiri inaoteshwa, inakaushwa, hapo ndiyo umepata kimea. Kingine kinakaushwa kwa namna ambayo sukari inashikana ndani ya punje, ndiyo hiyo sukari guru yako. Halafu inatiwa shayiri kidogo sana iliyokaangwa kama kahawa, asilimia chache tu za nafaka yote. Hiyo ndiyo ukoko. Shayiri hiyo hiyo ukiipandisha mpaka kama sehemu moja ya kumi unaanza kwenda kwenye ile nyeusi. Ni ndugu, mmoja ametiwa punje nyingi zaidi zilizotoka motoni.

Kilichotokea kwenye friza: baridi kali inazuia harufu kupanda na inaufanya ulimi usiusikie utamu. Uchungu haukimbii. Kwa hiyo ulibaki na uchungu peke yake, hukukosea kabisa ulivyoeleza. Kwenye laga hatuumii sana kwa sababu hakukuwa na vingi vya kupoteza, na gesi nyingi inachoma ulimi tunaona ni burudani.

Kile kidude cha plastiki kinatoa naitrojeni. Naitrojeni haipendi kukaa ndani ya kimiminika, inatoka kwa vipovu vidogo mno, ndiyo ule mtindi. Na kwa kuwa hewa ya ukaa ni kidogo, ule ukali wake haupo, ladha zote zinalainishwa. Kuna wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo wewe unayoichukia. Jina la Kilkenny lenyewe lilianza kutumika kwenye masoko ya nje kwa sababu watu walishindwa kutamka lile la kwenye lebo ya kwanza. Kwa hiyo usione aibu kwa mhudumu wako.

Kuhusu swali lako: agiza nusu painti mbili kwa wakati mmoja, hiyo nyekundu na laga unayoiamini. Kula kwanza. Piga stori, usizihesabu. Angalia glasi ipi imeisha kwanza. Halafu angalia utaagiza ipi ya pili. Mkono wako unajua kabla ya mdomo wako.

Kaunta ya Nyuma

Dada wa Mtungi nimekuvulia kofia. Ila mimi bado sijajibiwa swali la msingi. Inalewesha?

KataTupu

Kaunta bwana. Ya bomba hapa ni asilimia 3.8. Painti yao ni mililita 568, piga hesabu unapata kama mililita 21 na nusu za kilevi chenyewe. Tusker ya nusu lita yenye 4.2 inakupa 21. Kwa hiyo ni kama chupa moja ya Tusker iliyosambazwa kwenye glasi kubwa zaidi. Safari yako ya 5.5 inafika 27 na nusu, hiyo ndiyo inayokufanya upigie ex simu.

Mkenya Baridini

Wadau, salamu kutoka Massachusetts. Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, supervisa asijue.

Huku hiyo kitu iko kwa chupa na si 3.8, ni 4.5. Kwa hiyo KataTupu, wewe na mimi tunaongea juu ya ndugu, si mtu mmoja. Mimi niliipenda siku ya kwanza, lakini nakiri nilikuwa nimetoka kwa zile bia zao chungu zinaitwa IPA, yaani ulimi wangu ulikuwa unaomba msamaha. Labda hiyo ndiyo siri: ulikuwa unakunywa nini kabla.

Pia mjihadhari na neno "nyekundu". Hapa kuna Killian's, imeandikwa Irish Red kubwa kubwa. Mpishi wa asili alikuwa mji wa Enniscorthy, kaunti ya Wexford, akafunga 1956. Baadaye jina likapewa kampuni ya Marekani, na wanachopika wao ni laga. Rangi ni ile, ukoo si ule. Nilibishana na jamaa mmoja usiku mzima kwamba haina ukoko (mimi nilikuwa naita "the burnt thing", asante kwa neno), kumbe tulikuwa tunalinganisha mbuzi na kondoo.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mimi sinywi na sijawahi, nimefuata chai ya mkandaa tu. Mwanangu KataTupu, umelitumia neno vizuri, ila wengine humu hawajui umesema nini. Mkandaa ni mti wa kwenye mikoko, gome lake lilitumika kutia rangi na kutengeneza ngozi za wanyama, linatoa wekundu uliokolea. Chai kavu ikaitwa hivyo kwa kufanana rangi. Sasa umeipeleka kwenye ulevi, haya, Mungu akusamehe.

Na huo ukoko wa ugali uache. Ukoko ni wa wali.

KataTupu

Shikamoo Bi Mkubwa. La ukoko wa wali napinga kwa heshima zote, lakini nimenyamaza.

Mwana wa Kibosho

Wa wali ni mtamu zaidi. Samahani ndugu yangu, hapo nakuacha peke yako.

Sijawahi Kulewa

Siku kumi zimepita, mleta uzi majibu ya nusu painti mbili yako wapi? Au ndiyo chai imeisha?

KataTupu

Nimerudi wakuu. Zamu zilinibana.

Jumamosi nilienda. Nilikula kwanza, nikanywa maji, nikakaa mahali ambapo hakuna televisheni maana kulikuwa na mechi ya hurling, mchezo wao wa magongo, na Kilkenny ikicheza mji huu hauwezi kuongea jambo lingine. Nikaomba "glasi" mbili, kwa sababu hapa ukisema glasi wanaelewa nusu painti, nimeshajifunza. Nyekundu moja, laga moja. Nilikuwa na Mfilipino tunayefanya naye kazi, tukaanza kumsema meneja, nikasahau kabisa kwamba niko kwenye jaribio.

Nyekundu iliisha kwanza. Siyo kwa mbali, laga ilikuwa imebaki vidole viwili. Nikafurahi, nikasema jibu limepatikana.

Halafu mhudumu akaja, akauliza tunaongeza nini, na mdomo wangu ukasema laga. Nilijisikia nikisema. Hata Mfilipino alishangaa kwa sababu nilishamwahidi kwamba naye ataionja nyekundu.

Nimelitafakari wiki nzima na nimefika hapa: naipenda ile moja. Moja na chakula, nje kuna baridi, sina haraka. Ya pili siitaki, utamu unaanza kunichosha na mdomo unataka kitu kikali cha kuusafisha. Ya kopo siinunui tena. Yenye mtindi namrudishia binamu. Na sitaki mtu aniambie hiyo si kupenda, kwa sababu pilau pia siwezi kula sahani tatu.

Dada wa Mtungi

Hilo ni jibu kamili. Na la vidole viwili nimelipenda, wengi hudanganya hapo. Siku nyingine jaribu kwa mfuatano tofauti, laga ianze ndiyo nyekundu ifuate. Nahisi utapata jibu lingine.

Kaunta ya Nyuma

Nimeweka Safari mezani dakika ishirini kabla ya kunywa, kwa ajili ya sayansi. Mhudumu ameuliza kama nimefiwa.

Mkenya Baridini

😂😂 na je ilikuwaje?

Kaunta ya Nyuma

Kuna kitu kama mahindi. Sikuwahi kukijua na nisingependa kukijua.

Mwana wa Kibosho

KataTupu, mzee umempa majibu lakini? Ndiye aliyekutuma.

KataTupu

Nilimpa Jumatatu asubuhi. Nikamwambia kuhusu glasi mbili na jinsi mdomo ulivyonisaliti. Hakujali hilo hata kidogo. Alichotaka ni nimweleze ladha, kipande kwa kipande, macho kafumba. Nikafika kwenye ukoko nikakwama, Kiingereza changu hakina ukoko. Nikaanza kumwonyesha kwa mikono: sufuria, moto, unga umeshika chini, unabandua na kijiko.

Akafumbua macho. Akasema mama yake alikuwa anaoka mkate kwenye sufuria ya chuma juu ya moto wa udongo wa kinamasi, huku wanachimba udongo huo na kuukausha kama kuni, na mkate ulikuwa unashika chini. Walikuwa watoto saba. Aliyeamka wa kwanza ndiye aliyepata ule wa chini.

Nikamwuliza yeye alikuwa anaamka saa ngapi. Akasema nimvalishe na mguu wa pili, unapata baridi.